Haki ya Mwimbaji Aliye Mgonjwa, na Haki Yake Akisha Kufa

Hakuna khabari ziendazo mbio katika miji yetu, tangu Mambrui na Malindi hata Kilifi na Takaungu, kama khabari ya kwamba fulani mwimbaji ni mgonjwa. Asubuhi husemwa ameanguka. Adhuhuri husemwa amepelekwa Mombasa. Na kabla ya magharibi amekwisha kuzikwa ndani ya simu za watu, naye mwenyewe yu hai kitandani, angojea wa kumpa maji ya kunywa. Kesho yake watu hucheka, wakasema kumbe hajafa, kisha wakaanza kumngojea tena.

Twaona yapasa jambo hili lisemwe sasa, kwa kuwa wengi waliokuwa mashuhuri kwa nyimbo katika pwani hii wamekwisha kuondoka, na wa rika lao waliobaki ni wazee. Walter Fundi Konde, aliyezaliwa katika wilaya ya Kilifi mwaka 1924, na ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa katika kikundi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki, alikufa mwaka 2000. Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka uliofuata, katika mwezi huo huo wa Aprili, akafariki Muhammad Juma Bhalo, mtoto wa Malindi aliyezaliwa mwaka 1942. Na mwaka 2016 akafuata Zein l'Abdin wa Lamu, fundi wa udi. Kila mmoja wao alipokufa maneno yalikuwa mengi. Sisi twauliza juu ya yale yaliyotangulia kufa: miezi ya maradhi, usiku wa maumivu, na mlango ambao watu walipita mbele yake.

Msimamo wetu juu ya ngoma na vinanda wajulikana, nasi hatukukaa hapa kuubadilisha wala kuurejelea. Walakini haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe haikuwekewa sharti la kazi aifanyayo. Mtume wetu s.a.w. amezihisabu haki hizo, na katika hizo ni kumzuru mgonjwa na kulifuata jeneza. Wala hatukuona mahali aliposema isipokuwa mpiga udi. Na katika Hadithi nyingine ametueleza kwamba Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama atamhoji mja kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, na mja atastaajabu Mola wa viumbe vyote ataumwaje. Ndipo ataambiwa kwamba fulani mja wake aliugua, na lau angalikwenda kwake angalimkuta Mola wake huko. Huyo fulani hakutajwa kwamba alikuwa imamu wala kadhi.

Basi watu katika jambo hili wamekuwa makundi mawili, na yote mawili yamepotea njia.

Kundi la kwanza ni la wale wasemao kwamba wampenda. Hawa huufuata ugonjwa wa mwimbaji kama wafuatavyo mpira. Huulizana amefikia wapi, daktari kasema nini, nani kamwona. Na akipatikana mmoja aliyeingia chumbani, hutoka na picha ya mzee amelegea, mdomo wazi, nguo imemtoka begani, kisha huituma kwa watu mia. Je, ewe ndugu yetu, ungeridhika baba yako aonyeshwe hivyo? Mtu huyu maisha yake yote hakutoka mbele ya watu ila amevaa akapendeza, na leo hana nguvu ya kujifunika, wewe wamfunua. Qur'ani imetuamuru kuibainisha khabari inapoletwa na asiyeaminika, kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Na Mtume s.a.w. amesema kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kuyasimulia yote ayasikiayo. Yuko mke anayesikia kwa majirani kwamba mumewe amekufa, naye ametoka kumlisha uji sasa hivi. Yuko mtoto aliye Maskati au Jidda anayenunua tikiti ya ndege kwa deni kwa sababu ya uzushi. Hayo hayalipwi kwa kusema "samahani, nilitumiwa".

Na mapenzi hayo, tukiyapima, mengi ni mapenzi ya sauti, si ya mtu. Bhalo aliuaga uimbaji mwaka 2007, akakaa kama miaka saba hana jukwaa, mpaka alipofariki. Sababu ya moyo wake yeye na Mola wake ndio waijuao zaidi. Lakini mtu akisha kuliaga jambo, adabu ni kumwacha aondoke nalo. Asiitwe kwa lile aliloliacha, asiombwe kipande kimoja tu cha ukumbusho, wala asiulizwe kitandani juu ya mashindano ya zamani na nani alimpiga nani vijembe. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi ataulizwaje wimbo?

Kundi la pili ni letu zaidi, nalo latuuma zaidi kulitaja. Hawa ni watu wa msikitini, ambao mwimbaji akiugua husema yamemfika aliyoyatanguliza, na akifa hujitia shughuli wakati wa jeneza. Tumewasikia wakijadiliana juu ya mwisho wa mtu kana kwamba wamepewa daftari. Hawa twawakumbusha kisa kilicho katika Sahihi ya Bukhari. Alikuwako mtu, jina lake Abdullahi, aliyekuwa akimchekesha Mtume s.a.w., naye alikuwa na ila ya kunywa ulevi, akiletwa na kupigwa mara kwa mara. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume s.a.w. akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ya sharia ilimpata, na heshima yake haikuondoka. Tazameni tena: alikuwa mchekeshaji.

Na wako waliokuwa waimbaji, kisha wakawa wengine. Wanazuoni wamemtaja Zadhan wa Kufa, aliyekuwa kijana mwenye sauti nzuri akiimba kwa udi katika baraza ya walevi. Akapita Ibn Mas'ud r.a., akaisifu ile sauti, akatamani lau ingalikuwa katika kusoma Qur'ani, akaenda zake. Kijana akauliza huyo ni nani. Alipoambiwa, akauvunja udi wake akamfuata, na leo jina lake limo miongoni mwa wapokezi wa Hadithi. Lau Ibn Mas'ud angalimtukana, tungalimsikia wapi Zadhan?

Na mgonjwa akiwa si wa dini yetu, kwani wengi katika majirani zetu Wagiriama na Waduruma waliopiga ngoma na magita si Waislamu, basi Mtume s.a.w. alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akakaa kichwani pake. Hilo latosha.

Akisha kufa, kwanza liulizwe deni. Mtume s.a.w. alikuwa akiuliza juu ya deni la maiti kabla ya kumsalia, na wapiga ala wengi walikufa na madeni ya dawa na kodi za nyumba. Pili, jambo ambalo watu hawalifikirii: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yaihifadhi kazi ya mtungaji muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hiyo huenda kwa warithi. Mwenye kuona kwamba nyimbo hizo hazifai, na asizisikize. Lakini mwenye kuzinakili akaziuza pasina idhini, kisha akalia jenezani, amekula haki ya mayatima, na machozi yake hayamfai kitu. Wanazuoni wana maneno juu ya pato la uimbaji wenyewe, na mahali pake si hapa.

Tatu, asitukanwe. Mtume s.a.w. amekataza kuwatukana maiti, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Na nyumbani kwa msiba zisipigwe kanda zake kwa kisingizio cha kumkumbuka. Hapo watakiwa dua na chakula cha wafiwa, kwani wao ndio wa kupikiwa, si wa kupika.

Shauri letu ni jepesi. Katika kila mtaa, awe Shela ya Malindi au Mnarani ya Kilifi, jamaa wa mzee aliye mgonjwa wamchague mtu mmoja miongoni mwao, naye ndiye aulizwe. Asiyesikia kwake asiseme. Mwenye kwenda kuzuru na aende baada ya alasiri, aache simu mfukoni, akae kitambo kidogo, aombe shifaa, na aache chini ya mto kiasi alichojaliwa. Akimkuta amelala, asimwamshe.