Siri ya Rafiki

Somo: Matendo ya Mitume 23:12-24



Mjukuu wetu wa kidato cha tatu alipokuja likizo alitukuta tumekaa barazani na kitabu alichokuwa amekisahau mezani, akacheka sana. Alidhani mzee wa umri wetu hasomi hadithi za michezo za vijana. Tulikisoma chote, siku mbili, na tangu hapo hatujakaa kwa raha.

Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, Staying Fat for Sarah Byrnes, kilichotolewa mwaka 1993. Mwandishi wake, Chris Crutcher wa Marekani, aliwahi kuwa mwalimu, kisha akafanya kazi ya kushauri familia ambazo watoto wao wameteswa, na jambo hilo laonekana wazi katika maandishi yake. Msimuliaji ni kijana aitwaye Eric, mnene wa kuchekwa na shule nzima. Rafiki yake ni Sarah Byrnes, msichana ambaye uso na mikono yake viliungua alipokuwa mdogo. Urafiki wao ulianza kwa kuwa wote wawili walichekwa. Kisha Eric akaingia katika timu ya kuogelea, na mazoezi yakaanza kumpunguza unene. Akaogopa kwamba akipendeza, Sarah ataona ameachwa peke yake. Basi akala kwa makusudi, ili abaki mnene kwa ajili ya rafiki yake. Tumefundisha watoto zaidi ya miaka thelathini, nasi twajua kwamba kijana aweza kufanya jambo kama hilo na asimwambie mtu.

Lakini huo si uamuzi ulio mgumu katika hadithi hiyo. Siku moja Sarah anaacha kusema kabisa, anapelekwa hospitali, katika wodi ya wagonjwa wa akili. Eric huenda kumtazama na kuzungumza naye kama mtu azungumzaye na ukuta. Hatimaye anaijua siri: Sarah hakuungua kwa bahati mbaya kama watu walivyoambiwa. Baba yake mwenyewe ndiye aliyeusukuma uso wake kwenye jiko la moto. Eric ametakiwa anyamaze. Akisema, amevunja ahadi. Asiposema, rafiki yake atarudishwa katika nyumba ile ile. Akamwendea mwalimu aliyekuwa kocha wake wa kuogelea, akamweleza yote. Haikuwa kazi nyepesi, na baadaye baba yule alimwinda Eric na kumjeruhi kwa kisu.

Tuseme wazi kwamba kitabu hiki kina maneno ambayo tusingependa yasomwe mezani, na Mkristo aliyemo ndani yake ni kijana mwepesi wa kuwahukumu wengine huku akificha dhambi yake. Tulikasirika kidogo. Kisha tukakumbuka kwamba tumewaona watu kama hao, wengine katika viti vya mbele.

Sasa tufungue somo letu. Paulo yumo katika ngome ya Yerusalemu. Watu zaidi ya arobaini wamejifunga kwa kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamwue. Shauri hilo likasikiwa na kijana mmoja, mwana wa dada yake Paulo. Sisi wenye wajomba twajua mpwa ni nani. Maandiko hayakutupa jina lake wala umri wake, wala hayasemi alilisikiaje shauri la wakubwa. Twajua tu kwamba aliingia ngomeni, akamwambia mjomba wake, na Paulo akamwita akida ampeleke kwa jemadari.

Hebu mwangalieni huyo jemadari, Klaudio Lisia. Ni askari wa Kirumi, mwenye mji mzima wa fujo mikononi mwake. Analetewa kijana Myahudi asiye na cheo. Angeweza kumfukuza, angeweza kuuliza, “Nani amekutuma?” Yeye alimshika mkono, akajitenga naye kando, akamwuliza ana neno gani. Kijana akasema. Jemadari akamwonya asimwambie mtu kwamba amemwarifu, maana alijua kwamba aliyesema naye yumo hatarini. Kisha akaita maakida wawili, akaamuru askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 wawe tayari saa tatu ya usiku kumpeleka Paulo Kaisaria. Hesabuni wenyewe: watu 470, kwa neno la kijana mmoja, usiku ule ule.

Vijana wetu hupenda kututajia Yonathani na Daudi wanapotaka kuonyesha kwamba rafiki wa kweli hutunza siri. Wasome tena 1 Samweli sura ya 20. Ni kweli Yonathani alikuwa mwaminifu, lakini siri aliyokuwa nayo ilikuwa ya baba yake, tena mfalme, nayo ilikuwa siri ya kuua. Aliitoa nje hadi shambani. Akapiga mishale mbele ya mtoto aliyekuwa akiiokota, ambaye hakujua lolote, na Daudi aliyejificha akapata habari kwamba hana budi kukimbia. Wakaagana kwa kulia. Sauli angemwita mwanawe msaliti, na kwa kipimo cha nyumba ile labda angekuwa na haki. Daudi akabaki hai.

Twajua siri si zote za namna moja. Msichana akimwambia mwenzake ni nani anayempenda, au mvulana akikiri kwamba anaogopa giza, hiyo ni amana, na anayeitangaza ni mmbeya. Hatuwafundishi vijana umbeya; wakubwa tunao wa kutosha. Lakini siri ambayo ndani yake mtu anapigwa, anashikwa vibaya, ananyimwa chakula, au anapanga kujiua, hiyo si mali ya rafiki ili aifungie. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa aliyeficha ni mmoja, atakayekufa ni mwingine.

Hapo ndipo tulipokosa raha tulipokuwa tukisoma barazani. Mwaka 1989 tulikuwa tukisimamia mpira wa miguu katika shule moja ya msingi, tukijiandaa kwa mashindano ya tarafa. Jioni moja tulikuwa stoo tukihesabu jezi. Beki wetu wa kushoto, mtoto wa darasa la saba, akaja akasimama mlangoni.

“Mwalimu, kipa hawezi kudaka Jumamosi.”

“Anaumwa?”

Akatazama miguu yake. “Mbavu, Mwalimu. Nyumbani kwao.”

Hayo ndiyo aliyoyasema. Nasi tukamjibu, “Nani amekutuma ya nyumba za watu?” Tukamwagiza akachukue majivu apige mistari ya uwanja. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuandaa somo, kutunza mahudhurio na kupanga timu. Kumsikiliza mtoto aliyesimama mlangoni hatukufundishwa, wala hatukujifunza wenyewe.

Jumamosi kipa alidaka. Kila mpira wa juu aliuacha upite, maana hakuweza kuinua mkono. Tulifungwa matatu, na mbele ya timu yote tulimtania kwamba ameota mizizi golini. Wenzake walicheka, isipokuwa mmoja. Jumatatu hakuja shule. Baada ya wiki mbili tulisikia amepanda lori la mahindi kwenda mjini. Hatukumwona tena.

Yule beki alimaliza darasa la saba chini yetu. Alikuwa mtoto wa adabu. Tukimpa daftari lililosahihishwa alilipokea kwa mikono miwili, akasema, “Asante, Mwalimu.” Zaidi ya hayo hakutuambia neno lolote mpaka alipoondoka.

Kwa hiyo, vijana, hatuna uso wa kuwaamuru mseme. Twaweza kuwaambia haya tu. Ukiweza, mwambie rafiki yako kwanza: “Hili siwezi kulibeba peke yangu, twende wote.” Atakasirika, pengine kwa muda mrefu. Ukimwendea mkubwa wa kwanza naye akakufukuza kama tulivyomfukuza yule mtoto, mwendee wa pili, na wa tatu. Mpo ambao mkubwa wa kwanza ndiye anayewaumiza; kwa ajili yenu ipo namba 116, simu ya kuwasaidia watoto hapa Tanzania.

Nanyi wazazi na walezi, msiseme kwamba mambo ya nyumba ya jirani si yenu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu katika jamii, akijua kwamba haki ya mtoto inavunjwa, apeleke habari kwa serikali ya mtaa. Lakini kabla ya kufika huko yupo mtoto amesimama mbele yako, na maneno hayamtoki. Usimwulize mbele ya wageni. Usimwite mwongo kabla hajamaliza. Usikimbilie kikao cha ukoo, ambako huyo anayetajwa huenda ndiye mwenye kiti. Fanya kama yule Mrumi: mshike mkono, jitenge naye, uliza, kisha ufanye jambo usiku huo huo.

Kila Jumamosi saa kumi vijana wa mtaa wetu hucheza mpira na netiboli katika kiwanja cha nyuma ya kanisa. Tumemwomba Padre ruhusa, naye ameikubali, kwamba kuanzia mwezi huu tuweke kiti chetu chini ya mwembe, upande wa mbali na lango, mahali ambapo mtu aweza kuonekana na wote lakini asisikiwe. Tutakuwa na mtungi wa maji na vikombe, ili anayekuja aonekane amekuja kunywa. Tutakaa mpaka giza liingie.