Udata wa Mtoto na Mipaka ya Mkasi

Chini ya ulimi wa kila mtu upo ukano mwembamba unaouunganisha na sakafu ya kinywa, nao ukiwa mfupi au mnene kupita kiasi, au ukishikilia karibu na ncha, ulimi hushindwa kuinuka na kutoka nje ya meno, hali ambayo kwa mtoto mchanga huitwa udata. Kuukata kwa mkasi ni kazi ya muda mfupi, na huenda wepesi huo ndio unaofanya swali lililo nyuma yake lisiulizwe: mzazi, ambaye katika Uislamu na Ukristo huhesabiwa kuwa amepewa mtoto kwa amana, huruhusu mwili wa asiyeweza kujisemea ukatwe kwa ajili ya dhara gani?

Kusema kwamba udata ni kasoro, na kwamba kasoro huondolewa, hakutoshi, kwa kuwa watoto wengi wenye udata hunyonya, hula na husema bila taabu, na kiungo kinachotimiza kazi yake hakigeuki kuwa dhara kwa sababu tu umbo lake si la kawaida. Dhara la kweli lipo kwa mtoto anayeshindwa kulishika titi, anayenyonya kwa muda mrefu asishibe na asiyeongezeka uzito, na vilevile kwa mama aliyechubuka chuchu. Mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 5 yenye watoto 302, yalionyesha kwamba kukata kulipunguza maumivu ya mama kwa muda mfupi, ilhali faida kwa unyonyaji wenyewe haikuonekana kwa uthabiti. Nafuu hiyo ya mama isidharauliwe, kwani yeye naye ni mwenye haki katika jambo hili. Lakini inapasa kwanza mjuzi autazame unyonyeshaji wenyewe na kurekebisha namna mtoto anavyopakatwa.

Kuhusu usemi, hoja ni nzito zaidi. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza katika kitabu cha 7 cha De Medicina jinsi ya kuukata ukano huo bila kuidhuru mishipa ya damu iliyo jirani, kisha akataja mtu mmoja ambaye baada ya kukatwa aliweza kuutoa ulimi nje ya meno kwa urahisi, na bado hakuweza kusema. Kwake hilo lilikuwa ushahidi kwamba tabibu anaweza kuwa na kanuni ya tendo asiwe na kanuni ya matokeo. Ukweli huo una uzito hata leo, kwa sababu kuondoa kizuizi ni jambo moja na kumpa mtu uwezo ni jingine, na usemi hujengwa na masikio yanayosikia pamoja na watu wanaozungumza na mtoto. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, mtu aliyeletwa kwa Yesu alikuwa kiziwi mwenye ulimi mzito, na masimulizi yanataja kufunguliwa kwa masikio kabla ya kulegea kwa ulimi. Basi kumkata udata mtoto aliyechelewa kusema kabla ya kupimwa usikivu ni kumwacha katika hatari ya uziwi usiogunduliwa, na kumkata kwa sababu ya kigugumizi hakuna msingi, maana kigugumizi hakitokani na ukano huo.

Kipimo bora cha haja kimo katika sura ya Ta-Ha, ambamo Musa anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wayafahamu maneno yake. Ibn Kathir, mfasiri wa Kurani wa karne ya 14, aliona kwamba Musa hakuomba ulimi usio na dosari yoyote, bali aliomba kiasi cha kueleweka tu. Kwa kipimo hicho, mtoto wa miaka 5 au 6 anayetamka kwa kithembe na bado akaeleweka hana haja ya mkasi, na yule ambaye udata unamtatiza kweli katika matamshi anastahili kufundishwa kwanza na mtaalamu wa usemi, na kama kukata kutahitajika, aelezwe na kuulizwa, kwa kuwa kufikia umri huo ana neno la kusema juu ya kinywa chake mwenyewe.