Furaha ya Masika

Nchi za baridi zina majira ambayo watu wake huyangoja mwaka mzima. Theluji huyeyuka, miti iliyokuwa uchi huchipua majani, na wazee kwa vijana hutoka nje kutifua bustani zao. Sisi wa Kenya hatuna majira hayo, lakini hatukunyimwa furaha yake. Tuna masika. Jua la Januari na Februari likisha kuikausha nchi, na majani yakisha kugeuka rangi ya vumbi, upepo wa kaskazi hulegea na kuupisha upepo wa kusi. Mawingu hujikusanya, moyo wa mkulima hupanda na kushuka, kisha siku moja, aghalabu usiku, mvua hunyesha. Afunguaye mlango asubuhi yake hukuta dunia mpya mahali pa ile ya jana.

Furaha za asubuhi hiyo ni nyingi, wala hakuna hata moja iuzwayo dukani. Ya kwanza ni harufu ya udongo. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kuwa harufu hii hutokana na mafuta ya mimea yaliyojikusanya katika mawe na udongo wakati wa ukavu. Kadhalika imejulikana kwamba viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaavyo ndani ya ardhi, huichangia. Ya pili ni kumbikumbi, watokao ardhini kama moshi wenye mabawa, na watoto huwakimbilia kwa vikapu na mabeseni. Ya tatu, ambayo mimi huiweka juu ya zote, huja siku chache baadaye. Nayo ni kuiona mbegu uliyoifukia kwa mkono wako imepasua ardhi na kutokeza shingo iliyopinda, kama mtu aamkaye huku usingizi haujamwisha.

Hapa ndipo lizukapo swali la insha hii. Je, furaha kama hizi ni furaha za kweli, zinazostahili kutafutwa na mtu mwenye elimu na akili, au ni kifuta machozi cha wale waliokosa kitu bora zaidi? Swali hili ni la zamani. Yapata mwaka 306 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Epicurus alinunua bustani katika mji wa Athens akaifanya shule yake. Humo alifundisha kuwa mahitaji ya asili ya mtu hupatikana kwa urahisi, lakini tamaa ya makuu haina mwisho. Adui zake walimsingizia ulafi, na kumbe chakula alichokisifu kilikuwa mkate na maji.

Swali ni la zamani, lakini kwa kijana wa Kenya lina uchungu wake wa leo. Vijana wengi huamini kuwa furaha hukaa mjini, tena hununuliwa, na kwamba jembe ni ushahidi wa kushindwa. Hawakuzaliwa na imani hiyo, walifundishwa. Mimi pia nilifundishwa, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa.

Katika shule niliyosoma utotoni palikuwa na shamba dogo nyuma ya madarasa. Aliyechelewa kufika alipewa jembe. Aliyesikika akisema lugha ya kwao alipewa jembe. Aliyeanguka katika hesabu alipewa jembe, nami nilikuwa miongoni mwao mara nyingi. Waliofaulu waliketi chini ya mwembe wakatutazama. Hapana mwalimu aliyetuambia kuwa kulima ni fedheha, wala hapakuwa na haja ya kutuambia. Tulilima matuta tusiyoyachagua, tukapanda mbegu tusizoziona zikiota, na mavuno yalipofika hatukujua yalikwenda wapi. Nilipotoka katika shule ile nilikuwa nimejifunza vema mambo mawili: kuzidisha na kugawanya, na kulichukia jembe.

Likizo ya Aprili ya mwaka mmoja ilinipeleka kwa bibi yangu, katika vilima vilivyo nyuma ya pwani. Bibi alinionyesha kipande cha ardhi karibu na jiko lake, kisichozidi ukubwa wa mikeka mitatu. Aliniita kwa utani, kama mabibi wa kwetu wawaitavyo wajukuu wao wa kiume, akasema, "Mume wangu, hapa ni pako. Ukipanda, mazao ni yako. Usipopanda, magugu nayo ni yako." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilipanda kunde, kwa sababu tu ya kukosa jambo jingine la kufanya. Haukupita muda nikajiona naamka kabla ya jua kuchomoza, nikichuchumaa penye umande kutazama kama zimeota. Hapana aliyenituma. Jembe lilikuwa sawa na lile la shuleni, jua lilikuwa lile lile, na mgongo uliuma vile vile. Lakini kilichokuwa adhabu mahali pamoja kilikuwa raha mahali pengine.

Tofauti ilikuwa nini? Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na naona ilikuwa katika mambo matatu. La kwanza ni hiari. Nguvu itolewayo kwa kupenda humrudia mwenyewe katika umbo la furaha, lakini nguvu inyang'anywayo humwachia chuki. La pili ni kuuona mwisho wa kazi. Nilipanda mimi, nikapalilia mimi, na majani ya kunde yalipoiva chunguni mwa bibi nilijua yalikotoka. La tatu ni uangalifu. Kazi ya kulazimishwa huyafumba macho, na kazi ya kupenda huyafumbua. Siku moja niling'oa shina la kunde nikaona vifundo vidogo katika mizizi yake, nikadhani ni ugonjwa. Baadaye nilisoma kuwa ndani ya vifundo hivyo hukaa bakteria waichukuao naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na kwamba mabaki ya mmea huo huirutubisha ardhi. Bibi hakulijua jina la naitrojeni, lakini daima alipanda kunde kati ya mahindi.

Basi furaha ya bustani haimo katika jembe, wala haimo katika udongo. Ni malipo ya moyo uliotoa nguvu zake kwa hiari, ukangoja kwa subira, na ukatazama kwa makini. Furaha inunuliwayo hukabidhiwa mtu ikiwa tayari, wala yeye hana sehemu yake ndani yake. Kwa hiyo huchakaa upesi, na mwenyewe hutaka nyingine. Furaha ya kupanda haichakai, kwa kuwa kila mbegu humtaka mpandaji aanze upya.

Yuko atakayesema kuwa kuinama shambani hakumfai msomi. Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na wasomi wakubwa wameinama. Charles Darwin, ambaye fikira zake zilitikisa ulimwengu, alitoa kitabu kizima mwaka 1881 juu ya minyoo ya ardhini na jinsi inavyoutifua udongo. Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, naye alikuwa ameitazama minyoo hiyo kwa miaka mingi nyumbani kwake mashamba. Hapa kwetu, Wangari Maathai alipata shahada ya udaktari mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, iliyowakusanya wanawake wa vijijini kupanda miti. Habari ilipomfikia mwaka 2004 kwamba ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, alisherehekea kwa kupanda mti huko Nyeri. Elimu haikumwondoa katika udongo, bali ilimrudisha.

Hata hivyo, yatupasa kusema kweli yote. Ni rahisi kwa aliyeshiba kuisifu mvua. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo ilikufa kwa wingi, na mamilioni ya watu walihitaji msaada wa chakula. Kisha masika ya mwaka 2024 yalishuka kwa ghadhabu, mito ikafurika, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Kwa mkulima ambaye watoto wake hula au hulala na njaa kwa kadiri ya mawingu, shamba si burudani. Amwambiaye mwenye njaa afurahie harufu ya udongo badala ya kumpa chakula humdhihaki, na furaha ndogo zisifanywe kisingizio cha kuwanyima watu haki zao kubwa.

Lakini nakumbuka mwaka mmoja wa ukame kwa bibi yangu. Maji yalitekwa mbali, na mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Mlangoni pake palikuwa na mrehani mmoja. Kila jioni bibi aliyachukua maji tuliyonawia mikono akayamimina penye shina lake. Jirani alimwuliza, "Mama, mbona wakinywesha maji kitu kisicholiwa?" Bibi akajibu, "Mahindi yangu yamekufa, mwanangu. Nikikosa hata kitu cha kutunza, nitakuwa nimekufa nayo." Siku ile nilifahamu kuwa furaha ndogo haishiki mahali pa chakula, wala si anasa ya walioshiba peke yao. Njaa humtaka mtu awe tumbo tupu, asiwe kitu kingine. Bibi, kwa maji machafu ya kunawia, alikataa.

Jibu la swali letu, basi, ni hili. Furaha za masika ni furaha kamili, na mwenye elimu hapotezi heshima yake kwa kuzitafuta. Walakini hazipatikani kwa amri, wala hazitoshi peke yake pale ambapo haki imekosekana.

Wewe usomaye maneno haya, huenda maisha yako yatakuwa mjini, katika chumba cha ghorofani kisicho na ua. Hilo si kosa. Debe lililotoboka, udongo kidogo na mbegu za mchicha vyatosha kuanzia. Baada ya majuma machache utakuwa umevuna kitu ambacho fedha yako haikukinunua. Ukipata zaidi, panda zaidi. Na ikiwa siku moja utakuwa mwalimu au mzazi, nakuomba jambo moja. Usimpe mtoto jembe kama umpavyo kiboko. Mpe kama bibi yangu alivyonipa mimi, pamoja na kipande kidogo cha ardhi, na neno la kumwambia kuwa hapo ni pake.