Juu ya Kisanduku Kiongezacho Uzuri wa Sauti ya Gitaa



Swali limeletwa kwetu na mwinjilisti wa mtaa mmoja wa upande wa Busale, nalo ni hili. Vijana wa kwaya wataka sehemu ya sadaka ya mavuno inunue pedali, yaani kile kisanduku kidogo cha chuma kiwekwacho sakafuni na kukanyagwa kwa mguu, ambacho wauzaji wake wasema huongeza uzuri wa sauti ya gitaa la umeme. Wazee wa kanisa wamekataa, wakinena ya kwamba sauti iliyotiwa urembo ni sauti ya uongo, na uongo hauna nafasi katika nyumba ya Mungu. Vijana nao wamejibu ya kuwa wazee hawana masikio. Mwinjilisti auliza: Nani asemaye kweli?

Wengine watacheka, wakidhani ni jambo dogo. Lakini sadaka ile imetoka katika mpunga na kakao za washarika, na wengine wao hawana bati zima juu ya nyumba zao. Tena kwaya na wazee wasiposemezana, usharika wote huugua. Basi na tulitazame swali hili kwa utaratibu, tukianza na chombo chenyewe, maana asiyejua kitu kifanyavyo kazi hawezi kukihukumu kwa haki.

Gitaa la umeme si kama zeze, wala si kama gitaa la mbao lenye tumbo tupu. Nyuzi zake ni za chuma, nazo hutetema juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko elfu nyingi. Mtetemo wa uzi huzaa umeme hafifu sana katika waya ule. Umeme huo hupita mpaka kwenye amplifaya, hukuzwa, kisha spika huugeuza kuwa sauti. Ukilipiga gitaa hilo pasipo umeme, mtu aliyeketi benchi la tatu hasikii kitu. Ndiyo kusema, halina sauti yake ya asili ambayo pedali imekuja kuifunika. Sauti yake yote imetengenezwa, tangu sumaku hata spika. Kwa hiyo mzee akikubali amplifaya na kuikataa pedali kwa sababu eti imeongeza kitu kisicho cha asili, hoja yake haisimami. Atafute nyingine, nayo ipo, kama tutakavyoona.

Sasa, kisanduku hiki hufanya nini? Chombo chenye jina kubwa katika aina hii kilitolewa na kampuni ya Aphex huko Marekani mwaka 1975. Hapo mwanzo hakikuuzwa, bali kilikodishwa kwa watengenezaji wa santuri, nao walilipa dola 30 kwa kila dakika ya wimbo uliokamilika. Huchukua sehemu ya juu ya sauti, huikwaruza kidogo kwa makusudi hata zikazaliwa sauti nyembamba zaidi ambazo hazikuwamo, kisha huzichanganya kidogo tu na sauti ile ya kwanza. Kampuni nyingine ya Marekani, iitwayo BBE, ilishika njia yake: huzichelewesha sauti nene kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ili zile nyembamba zitangulie kufika sikioni, na tena huzikuza sauti za pande mbili, nene na nyembamba. Baadaye vyombo hivi vikafanywa vidogo hata vikaenea katika kisanduku cha kukanyagwa.

Basi si ulaghai mtupu. Kitu hutendeka. Akanyagapo kijana, sauti hugeuka, na wote waliopo husikia imegeuka. Lakini kugeuka si kuwa bora, na hapa ndipo penye fumbo. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa maabara ya Bell, Fletcher na Munson, walitangaza waliyoyapima juu ya usikivu wa binadamu. Waliona ya kwamba sikio halizisikii sauti zote kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, zile nene sana na zile nyembamba sana hufifia kuliko za katikati. Sauti ikikuzwa, nazo hujitokeza. Kwa hiyo wimbo ule ule, ukipigwa kwa nguvu zaidi kidogo, huonekana umejaa zaidi, una kina zaidi, una mng'ao. Mtu hasemi, "Sasa ni kubwa." Asema, "Sasa ni nzuri." Na visanduku hivi, vikanyagwapo, mara nyingi huongeza na ukubwa wa sauti. Muuzaji akanyaga, mnunuzi afurahi, fedha zatoka mfukoni. Wala muuzaji huenda hakusema uongo, maana naye ana sikio kama letu.

Liko na jambo la spika. Spika za amplifaya ya gitaa, kwa kawaida yake, huzipunguza sana sauti zipitazo mitetemo kama 5,000 kwa sekunde. Mng'ao mwingi ulioongezwa na kisanduku hufia pale pale. Lakini vijana wetu wengi hawana amplifaya ya gitaa. Huuchomeka waya moja kwa moja katika mitambo ya kanisa, yenye spika za tarumbeta zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti nyembamba. Huko mng'ao wote hutoka, tena chini ya bati, penye kuta za saruji na mwangwi usiokwisha. Aliyewahi kuketi karibu na spika hizo siku ya mkutano wa kwaya ajua ninenalo.

Hapa natamani kusema neno juu ya nyuzi, ijapokuwa hakuna aliyeniuliza. Kyela ni nchi ya joto na unyevu. Ziwa li karibu na mvua ni nyingi. Uzi wa chuma ushikwao kwa vidole vyenye jasho, kisha ukaachwa kanisani juma zima, hushika kutu upesi, na uzi wenye kutu hupoteza kwanza zile sauti nyembamba, yaani ule mng'ao ambao kijana anataka kuununua ndani ya kisanduku. Nimeona magitaa ya kwaya ambayo nyuzi zake hazijabadilishwa tangu siku ya kununuliwa. Seti ya nyuzi mpya ni bei ndogo kuliko pedali. Tena waya mrefu mno kati ya gitaa na mitambo nao hupunguza mng'ao huo. Kabla ya kuomba dawa ya mgeni, mgonjwa na anawe uso kwanza.

Lakini nije kwa wazee, maana nimesema wana hoja nyingine. Vijana wamewaambia hawana masikio. Neno hilo ni la utovu wa adabu, lakini ndani yake mna kweli kidogo ambayo vijana wenyewe hawakuijua. Mtu azeekapo, usikivu wake hupungua ukianzia na sauti nyembamba. Katika maneno ya wanadamu, irabu zina sauti nene na yenye nguvu, bali konsonanti kama s na f ni pumzi nyembamba tu. Nazo ndizo zitenganishazo neno na neno. Bibi aketiye nyuma tayari huzipata konsonanti kwa shida. Sasa gitaa likiongezewa mng'ao mahali pale pale ziliposimama konsonanti, huzifunika. Kijana asikia gitaa tamu na maneno pia, kwa kuwa sikio lake ni zima. Bibi asikia irabu tupu na kelele. Uzuri ule ulionunuliwa kwa mpunga wake haumfikii, bali wamnyang'anya na kile kidogo alichokuwa nacho.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya vyombo visivyo na uhai, filimbi na kinubi, ya kwamba visipotoa sauti zilizopambanuka, mtu hatatambua kinachopigwa. Akaifanya hoja hiyo kuwa juu ya kulijenga kanisa. Hakuuliza kama filimbi ni nzuri. Aliuliza kama yasikika kwa kufahamika. Nadhani kipimo hicho chatutosha hata kwa pedali. Neno "bora" haliwezi kusimama peke yake. Lazima liulizwe, bora kwa kazi gani na kwa nani? Kwa mpigaji wa dansi, mng'ao ule waweza kuwa bora kabisa. Kwa usharika uimbao, gitaa bora ni lile liushikalo wimbo na kuuongoza, hata asiyejua noti ajue pa kuingilia.

Neno la wazee kwamba urembo ni uongo silikubali, nami nataka lisemwe wazi, maana limewahi kufanya madhara. Uongo ni kumdanganya mtu katika jambo alilo na haki ya kulijua. Mhubiri asemaye kwa kipaza sauti hadanganyi mtu juu ya nguvu za kifua chake. Maua ya madhabahuni hayadanganyi mtu juu ya mti. Huko Zürich, Zwingli, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki hodari, aliondoa kinanda katika ibada, na mwaka 1527 kinanda cha kanisa kuu la mji kikavunjwa. Luther hakufuata njia hiyo; tangu 1524 alikuwa akitoa vitabu vya nyimbo pamoja na Johann Walter. Na maungamo ya kanisa letu ya mwaka 1577, katika sehemu ya kumi, yaeleza juu ya mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza, kwamba kanisa lina uhuru kuyapanga kwa manufaa yake, pasipo kuwakwaza walio dhaifu. Wamisionari wa Berlin walifika nchi ya Konde mwaka 1891, wakiongozwa na Merensky. Katika misheni nyingi za Afrika siku zile ngoma ilihesabiwa kuwa kitu cha kipagani, bali kinanda cha upepo, ambacho nacho hukanyagwa kwa miguu, kilihesabiwa kuwa kitakatifu. Tulichelewa miaka mingi kuona ya kuwa ngozi ya ng'ombe haina dini. Na kisanduku cha chuma vivyo hivyo.

Bali liko danganyo moja ambalo naliogopa, nalo ni la mpigaji kwa nafsi yake. Kijana husikiliza nyimbo katika simu. Gitaa alisikialo humo limepita katika studio, limesafishwa na fundi, limepitishwa katika vyombo vingi. Kisha ashika gitaa lake chini ya bati letu, asikia sauti kavu, naye aona haya. Adhani tofauti ni kisanduku. Kumbe huenda ni miaka kumi ya mazoezi. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na gitaa lake la mbao pasipo umeme wowote likasikiwa mbali kuvuka mipaka ya nchi yake. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki 1979, ingawa nyimbo zake si za kanisa, alisikiwa na watu wengi kwa redio ndogo za betri zenye spika isiyozidi kiganja. Mng'ao gani ungepita mle? Lakini watu walimtambua alipogusa nyuzi. Vidole vyake ndivyo vilivyomtambulisha. Simlaumu kijana kwa haya yake, maana ni uchungu wa kweli kuisikia sauti yako mwenyewe ikiwa maskini mbele ya watu. Lakini akizoea kuifunika kabla hajaifundisha, haitakua. Na wazee wanaomcheka wangefanya vema kumlipia mwalimu.

Basi shauri langu kwa mtaa ule ni hili. Pedali isinunuliwe kwanza. Iazimwe kwa juma moja. Fundi mitambo asawazishe ukubwa wa sauti, ili kisanduku kikikanyagwa na kisipokanyagwa, nguvu iwe ile ile. Wachaguliwe vijana watano na wazee watano, waketi wakiwa wamelipa gitaa mgongo. Mpigaji apige tuni ile ile mara kumi, akikanyaga na kuacha pasipo utaratibu unaotambulika, nao waandike kila mara ni ipi iliyo nzuri. Kisha kwaya iimbe ubeti wasioujua, kwa pedali na bila pedali, na wazee waandike maneno waliyoyasikia. Karatasi zisomwe mbele ya wote. Ikiwa kisanduku kimeshinda katika majaribio yote mawili, wazee wakubali pasipo manung'uniko. Kikishinda la kwanza na kushindwa la pili, vijana wakitumie katika tamasha, kwa fedha zao, na wakizime katika ibada. Kikishindwa yote mawili, fedha zinunue nyuzi, nazo zitabaki.

Nimekisia matokeo, lakini siyaandiki hapa, nisije nikawatia watu neno masikioni kabla hawajasikia.

Juu ya kinanda cha umeme na zile ngoma za mashine zilizomo ndani yake, ambazo mwinjilisti huyo aliziuliza pia mwishoni mwa barua yake, nitaandika katika toleo jingine.