Acha Kwanza Nilie

Kuna neno tunalipenda sana kwenye misiba hapa Nyarugusu: "Usilie, Mungu ana mpango." Mimi pia nililisema. Jirani yangu alipigiwa simu kutoka Fizi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaambiwa mama yake amefariki na wameshamzika. Hakuna maiti ya kuaga, hakuna kaburi la kwenda kupalilia. Nikamwambia lile neno. Akaniangalia, akajibu polepole: "Ndugu yangu, mpango huo nitaujua baadaye. Leo acha kwanza nilie."

Nilirudi nyumbani na aibu. Nikajiuliza: aliyepungukiwa imani ni yeye anayelia, ao ni mimi niliyeogopa machozi yake?

Nikafungua Biblia. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Naona siku hizo ndizo walizomfariji kweli. Walipoanza kumweleza sababu za mateso yake, hapo ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe akawakemea.

Tena kule Bethania, Yesu alijua kabisa kwamba atamfufua Lazaro. Lakini alipomwona Mariamu analia, naye akalia. Kama tumaini linakataza machozi, mbona yeye hakujizuia? Hata Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakumbusha tu kwamba huzuni ya anayengoja ufufuo haifanani na ya mtu asiyengoja kitu.

Mtu atasema: ina maana tunyamaze, Habari Njema isihubiriwe? Hapana. Neno lina saa yake. Sisi wakimbizi tunajua kungoja, iwe foleni ya chakula ao jina kwenye ubao. Tunajua pia kwamba kungoja peke yako kunavunja moyo, na kungoja na mwenzako kunavumilika. Nadhani tumaini la Kikristo ni hilo: kungoja asubuhi pamoja, bila kudanganyana kwamba usiku haupo.

Kesho yake nilirudi kwa jirani na dumu la maji na kuni kidogo. Nikakaa kwenye mkeka, nikanyamaza. Akaanza kunisimulia mama yake: shamba lake la mihogo, kicheko chake. Siku ya tatu ya matanga, yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha sala. Sisi tukaitikia Amina.

Nanyi ndugu mnaotuhudumia, mkifika kwenye msiba mkakosa la kusema, msijilaumu. Mkeka upo. Kaeni.