Majina Yaliyookoka Moto

Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza nchini Ayalandi, mlipuko mkubwa uliiteketeza nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin. Vipande vya karatasi zilizoungua vilipeperuka juu ya mji kama majivu. Humo zilipotea karibu daftari zote za hesabu ya watu za miaka 1821, 1831, 1841 na 1851, pamoja na zaidi ya nusu ya vitabu vya parokia za Kanisa la Kianglikana.

Vitabu vya ubatizo na ndoa vya Wakatoliki vilisalimika. Sababu yake ni hii: havikuwamo mle. Vilikuwa vijijini, mikononi mwa maparoko, vingi vikiwa na maandishi ya Kilatini yaliyofifia. Jambo lililoonekana duni ndilo lililookoa majina ya maskini.

Nasi tusidhani kwamba majina hayo ni kitu kidogo. Katika Njaa Kuu ya miaka 1845 hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Leo wajukuu na vitukuu vyao, walioko Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, wanatafuta walikotoka. Mara nyingi wanalijua jina la wilaya tu. Lakini nchi ile ina vitongoji zaidi ya 60,000, na akina Murphy na akina Kelly hawahesabiki. Ndipo kitabu cha paroko kinapowasaidia. Kinamtaja mtoto, baba yake, mama yake kwa jina la ukoo alikozaliwa, wasimamizi wa ubatizo, na pengine kitongoji chenyewe. Mstari mmoja wa wino wamrudisha mtu nyumbani.

Lakini kuhifadhi peke yake hakutoshi. Kitabu kilichofungiwa kabatini chaweza kuliwa na panya, na hata kikisalia hakimfai aliye ng'ambo. Tangu miaka ya 1950 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilivipiga picha vitabu hivyo, parokia kwa parokia. Baadhi ya majimbo yaliendelea kudai kibali kwa muda mrefu. Mwaka 2015 picha zake, za parokia zaidi ya 1,000, ziliwekwa kwenye intaneti wazi kwa watu wote, bila malipo. Kabla ya hapo, kati ya miaka 1937 na 1939, watoto wa shule wapatao 50,000 walitumwa kuwauliza wazee habari za vijiji vyao: visima vitakatifu, makaburi ya zamani, habari za ile njaa. Waliyoandika katika madaftari yao yamehifadhiwa, na leo yanasomwa ulimwenguni kote.

Huenda msomaji akauliza: Je, mambo haya ni ya dini? Twajibu, ndiyo. Mtakatifu Mathayo anaifungua Injili yake kwa orodha ya mababu wa Bwana wetu, wala hawafichi wenye dhambi. Kitabu cha Ezra chatuonyesha makuhani waliotafuta majina yao katika orodha za ukoo wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Nayo Amri ya Nne haikomi kaburini. Tutawaombeaje marehemu wetu mmoja mmoja, ikiwa majina yao tumeyapoteza?

Hata hivyo busara inatakiwa. Vitabu hivyo vina habari ziwezazo kuwaumiza walio hai. Picha zile zinaishia yapata mwaka 1880. Ukweli na mapendo hupasa kwenda pamoja.

Sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tuna deni kwa vijiji vile. Ndiko walikotoka mapadre wengi wa Shirika la Roho Mtakatifu, na masista wa Loreto waliofika Kenya mwaka 1921. Wengi wa wazee wetu walibatizwa kwa mikono ya watoto wa nchi ile, na majina yao yakaandikwa katika vitabu vya misheni zetu. Je, vitabu hivyo vina hali gani leo? Mchwa na mvua havingoji mlipuko.

Basi, maparoko wavitunze, wavipatie nakala, wasimfukuze anayemtafuta babu yake kwa nia njema. Nanyi, wazazi, msingoje matanga ndipo mwulize habari za aliyekufa. Jioni moja ya juma hili, mwiteni mtoto ajuaye kuandika, aketi karibu na bibi yake, amwulize majina ya waliomzaa na mahali walipozikwa. Yaandikwe, na nakala apewe kila mmoja wa ndugu. Mungu, ambaye hamsahau hata mmoja, atubariki tunapojitahidi kutowasahau.