Mzigo Unaosema

Katika Kiswahili, kumwita mtu kasuku ni kumtukana. Tunakusudia kwamba anasema asichokielewa na anarudia maneno ya wakubwa bila kuyapima. Mwanafunzi anayekariri bila kufahamu ni kasuku. Mjumbe wa mkutano anayeitikia kila hoja ni kasuku. Lakini mwenye jina lenyewe, yule ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, hajawahi kuulizwa kama anaridhika na tusi hili. Wala hajawahi kuulizwa jambo lingine lolote. Na hapo ndipo lilipo swali ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji. Mtu anapofunga mizigo yake ili asafiri, na katika mizigo hiyo mna kiumbe kinachosema lakini hakiwezi kusema "siendi", mtu huyo ana haki gani juu yake, na ana deni gani kwake?

Huenda ukaliona swali hili kuwa dogo. Kila siku watu wetu husafiri na kuku waliofungwa miguu chini ya viti vya mabasi, na hakuna anayekosa usingizi kwa ajili hiyo. Ni kweli, na labda tungepaswa kukosa usingizi kidogo. Lakini kuku hatumdanganyi, wala hatujidanganyi juu yake. Anakwenda sokoni au jikoni, na sote tunajua. Kasuku tumempa jina. Anatuita, nasi tunamwitikia. Tunawaambia wageni kwamba yeye ni mmoja wa watu wa nyumba ile. Basi mtu wa nyumba hapakiwi kama gunia la mkaa, kisha tukaendelea kusema kwamba ni mtu wa nyumba. Moja kati ya mawili lazima liwe uongo.

Kabla ya kusema juu ya safari ya gari au ya ndege, yatupasa kukumbuka kwamba kasuku wengi wa kijivu walikwisha kusafiri mara moja, na safari ile ya kwanza ndiyo iliyozaa nyingine zote. Kwao ni misitu ya Afrika ya kati na magharibi, pamoja na Kongo, Uganda, na vipande vya misitu magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Huko hawaishi peke yao. Hulala kwa makundi makubwa juu ya miti, na alfajiri huondoka wakipiga kelele kwenda kutafuta matunda, hasa chikichi. Wategaji hupaka ulimbo kwenye matawi, kisha humfunga hapo kasuku aliyekwisha kukamatwa ili awaite wenzake. Naye huwaita, kwa kuwa ni mpweke. Wenzake humjia, kwa kuwa ni wenzake. Ninapofikiri juu ya jambo hili huona haya kwamba tumelifanya jina lake kuwa tusi, maana aliyetumia maneno bila kujali maana yake si ndege yule, bali ni mtegaji.

Biashara hiyo imewahi kuwa na hesabu za kutisha. Mwishoni mwa mwaka 2010, mamia ya kasuku waliotoka Kongo walikutwa wamekufa ndani ya ndege iliyokuwa imesafiri kutoka Johannesburg kwenda Durban. Mwaka 2016, mataifa yaliyokutana huko huko Johannesburg chini ya mkataba wa CITES yalikubaliana kumweka kasuku wa kijivu katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Januari 2017. Tangu hapo biashara ya kimataifa ya kasuku wanaokamatwa mwituni imepigwa marufuku, na anayetaka kumvusha mpaka hata mmoja aliyemfuga hana budi kuanzia kwenye ofisi za vibali. Watu wengine hulalamika kwamba huo ni usumbufu. Mimi nauona kuwa ni adabu iliyochelewa. Angalau sasa kuna mtu anayeuliza: huyu anatoka wapi, na anakwenda kwa idhini ya nani?

Nitatoa mfano mmoja ninaoufahamu kwa karibu. Shangazi yangu aliishi Bukoba zaidi ya miaka arobaini. Mumewe, aliyekuwa karani wa kahawa, alifuga kasuku tangu mwaka 1988, akamwandikisha, na cheti chake kikawa kinatunzwa pamoja na hati ya kiwanja. Mzee alipofariki, kasuku alibaki na sauti yake. Kila asubuhi, saa ile ile, aliita kwa sauti ya marehemu: "Mama Koku, kahawa!" Shangazi aliamka na kupika kahawa. Haikuwa kwamba alidhani mumewe amefufuka. Sauti ile ilimpa sababu ya kuinuka kitandani, na mjane huhitaji sababu.

Mwaka 2009 binti yake aliyeolewa Tanga aliamua kwamba mama asiendelee kukaa peke yake. Nikaombwa niendeshe gari. Ndugu walikaa kikao, na kasuku akawa moja ya mambo ya kuzungumzwa. Mmoja alisema aachiliwe porini. Huo ulionekana kuwa wema, lakini ndege aliyekula mkononi mwa mtu kwa miaka ishirini hajui tena kutafuta tunda wala kumkimbia mwewe. Kumfungulia mlango ni kumtupa. Mwingine alisema aachiwe kijana wa jirani, ambaye hakuwa na muda hata wa kulisha mbuzi. Wa tatu akasema, "Mchukueni, ndiyo sauti ya baba." Wote wakatikisa vichwa kukubali.

Shangazi peke yake ndiye aliyekataa hoja hiyo. Alisema, "Nikimchukua kwa ajili ya sauti, akinyamaza nitamfanyaje? Nimtupe? Sauti si yake, aliazimwa. Njaa ndiyo yake, na woga ndio wake. Mimi namchukua kwa sababu hakuna mwingine anayejua anachoogopa."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya maadili, lakini sijakuta mahali ambapo jambo hili limesemwa kwa ufupi zaidi ya hapo. Tunadanganywa na maneno ya kasuku kwa sababu ni maneno yetu. Anaposema "karibu" au "twende", tunasikia ridhaa, kumbe tunasikia mwangwi wetu. Ridhaa yake, au ukosefu wake, imo mwilini. Akipata joto hafungui mdomo kulalamika. Huufungua kuhema, akaachanisha mbawa na mwili, kwa kuwa ndege hatoki jasho. Akiogopa hubana manyoya na kunyamaza. Akikaa na mashaka siku nyingi huanza kujinyonyoa kifua mpaka ngozi ikaonekana. Hiyo ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Anayetaka kusafiri naye ni lazima aisome hiyo kwanza.

Kwa hiyo tulijiandaa. Tulipata barua ya daktari wa mifugo na idhini ya watu wa wanyamapori. Kwa wiki tatu shangazi alimweka katika tundu dogo la safari, kwanza ndani ya nyumba, kisha ndani ya gari lililosimama, kisha tukamzungusha mtaani kwa dakika kumi, halafu nusu saa. Siku ya safari tundu lilifungwa kwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, kijiti cha kusimamia kikashushwa chini ili asianguke kwenye mashimo, na pande tatu zikafunikwa kwa kanga. Hatukuweka bakuli la maji la kumwagika. Alipewa vipande vya papai na tango, na maji kila tuliposimama. Hakuna aliyevuta sigara wala kujipaka manukato, kwa kuwa mapafu ya ndege huvuta kila kilichomo hewani upesi kuliko yetu. Na hakuachwa peke yake ndani ya gari juani, hata kwa muda wa kununua soda. Tulilala Kahama, Singida na Morogoro. Zaidi ya kilomita 1,400 tulizimaliza kwa siku nne, tukitembea zaidi asubuhi.

Tulipokuwa tunaipita Nzega, shangazi aliangalia tundu, kisha akaniambia bila uchungu, "Mwanangu, sisi wawili tumepakiwa." Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba kikao kile cha ndugu kilijadili kwa muda mrefu kama kasuku achukuliwe au aachwe, lakini juu ya mama mwenyewe uamuzi ulifika ukiwa tayari. Wazee wangapi wanahamishwa kutoka vijijini mwao kwenda mijini kwa upendo mwingi na bila swali hata moja? Akisema "sawa, wanangu," tunasikia ridhaa. Labda naye anaturudishia tu maneno tuliyomfundisha kuyasema.

Msomaji anaweza kupinga hapa: je, basi tusimpeleke popote yeyote asiyeweza kukataa? Tusimpeleke mtoto hospitali kwa kuwa analia? La hasha. Kuna kasuku mmoja maarufu aliyeitwa Alex, ambaye mtaalamu Irene Pepperberg alimnunua katika duka la Chicago mwaka 1977 na kumfundisha hadi mwaka 2007 ndege huyo alipokufa. Alijua zaidi ya maneno mia moja, na aliweza kutaja rangi, maumbo na hesabu ndogo. Pepperberg amesimulia kwamba siku moja alilazimika kumwacha kwa mganga ili atibiwe mapafu. Alipogeuka kuondoka, Alex alimwita arudi, akamwambia kwamba anampenda, akaomba radhi, akasema anataka kurudi. Huyu basi aliweza kusema "siendi", na bado aliachwa, kwa kuwa kumwacha ndiko kulikokuwa kumtunza. Kukataa kwa anayetutegemea hakumalizi shauri. Kunatulazimisha tuwe na sababu ambayo tungeweza kumweleza bila aibu kama angeweza kuielewa.

Kwangu mimi hiyo ndiyo mizani. Usijiulize kama safari inawezekana, kwa maana siku hizi karibu kila safari inawezekana. Mashirika ya ndege yana kanuni za masanduku, za matundu ya hewa na za nafasi ya kugeuka, na mengine hukubali ndege wa kufugwa katika sehemu ya mizigo. Jiulize: safari hii ni kwa ajili ya nani, na gharama yake inalipwa na nani? Anayehama kabisa, na hana wa kumwachia, ana sababu. Anayekwenda likizo ya wiki mbili pwani, akamtia kasuku wake katika kelele na giza la tumbo la ndege ili tu watoto wasimkumbuke, amelipa starehe yake kwa mfuko wa mwingine. Huyo angemwachia jirani anayefahamika, angekuwa amempenda zaidi.

Watu husema kwamba kumtunza mnyama safarini ni huruma. Neno hilo halinitoshi. Huruma ni kitu unachotoa ukitaka, na ukisifiwa unakipokea. Aliyetolewa msituni bila kuulizwa, akafungiwa, akafundishwa maneno yetu hadi akasahau miito ya wenzake, hapewi huruma. Analipwa deni. Na deni halifutwi kwa sababu mdaiwa wa leo si yule aliyepaka ulimbo jana. Aliyerithi tundu amerithi na deni lake.

Kasuku wa shangazi alinyamaza kwa miezi mitano baada ya kufika Tanga. Shangazi alimlisha, akamsafishia tundu, akakaa naye barazani jioni, wala hakumwambia mtu kwamba anasubiri kitu. Siku kasuku alipoanza tena kusema, hakusema kwa sauti ya marehemu. Aliiga mlango wa jikoni unavyolia. Shangazi alicheka, akainuka, akapika kahawa. Sauti ya mumewe ilirudi baadaye, mara chache, na nadhani ingekuwa vilevile kama isingerudi.

Twendapo safari tukiwa na nguvu ya kuamua kwa niaba ya mwingine, awe ndege, mtoto au mzazi, tusijivunie kwamba tumemchukua. Tuchunguze kama tungeendelea kumbeba hata kama asingekuwa na neno moja la kutufurahisha.